Munich 2020: Majira ya Joto Bila Oktoberfest

"Hapa pana mtu?" Ndilo swali la bustani za bia za Munich, mji mkuu wa jimbo la Bavaria, Ujerumani. Meza ni ndefu, mabenchi hayana egemeo, na anayeingia na mwenzake hatafuti meza tupu. Anatafuta upenyo mwishoni mwa meza ya watu wengine. Waliokaa wanasogea, mabega yanagusana, na kabla ya glasi ya kwanza kwisha watu wasiojuana wanapokezana chumvi. Bila kusogeleana huko hakuna namna ya kukalisha watu wapatao 7,000 chini ya miti pale Chinesischer Turm, au 8,000 Hirschgarten. Anayelijua baraza hahitaji kuelezwa zaidi.

Majira ya joto ya 2020, mwaka wa korona, bia haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kule kusogea, na kila lililotokea katika jiji hilo kuanzia Mei hadi Septemba, mahesabu ya viti, ugomvi wa viwanja, bembea zilizotawanywa, hata kesi mahakamani, lilitokana na hapo.

Kwanza, bustani yenyewe imetoka wapi. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1539 iliruhusu kupika bia kuanzia sikukuu ya Mikaeli, tarehe 29 Septemba, hadi ya Georgi, tarehe 23 Aprili, kwa sababu moto wa mitambo wakati wa joto uliunguza miji. Bia ya kunywa majira ya joto ikabidi ipikwe mapema na kuhifadhiwa. Wapishi wakachimba maghala ya chini ya ardhi kwenye kingo za mto Isar, juu yake wakamwaga kokoto na kupanda michestnati, mti wenye majani mapana na mizizi isiyokwenda chini sana, ili kivuli kipooze ghala. Watu wakaanza kuinywea bia palepale ilipolala. Wenye mikahawa wakalalamika kwamba wanaporwa wateja, na tarehe 4 Januari 1812 mfalme Maximilian wa Kwanza akatoa amri: wapishi wauze bia na mkate tu, chakula kingine hapana. Ndiyo maana mpaka leo mteja anaingia na kikapu chake cha figili, jibini na nyama, anatandika kitambaa, ananunua kinywaji tu. Kanuni ya jimbo ya mwaka 1999 inaihesabu desturi hiyo kuwa sehemu ya maana ya bustani ya bia. Hilo la chakula likumbukwe, litarudi kwenye kodi.

Bavaria ilifunga mikahawa yote tarehe 21 Machi 2020, ikabaki kuuza chakula cha kubeba. Tarehe 15 Aprili serikali kuu na majimbo wakapiga marufuku mikusanyiko mikubwa hadi 31 Agosti. Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia ya Munich, ilipangiwa 19 Septemba hadi 4 Oktoba, yaani nje ya marufuku hiyo, na wapo waliolishika tumaini hilo kwa wiki nzima. Tarehe 21 Aprili waziri mkuu wa Bavaria, Markus Söder, na meya wa Munich, Dieter Reiter, walilizima. Aprili ni mapema, ila kwa sherehe hii haikuwa haraka. Ujenzi wa mahema makubwa kwenye uwanja wa Theresienwiese huanza katikati ya majira ya joto, na mikataba ya wahudumu, wapigamuziki na wauza kuku hufungwa kabla ya hapo. Kusubiri hadi Juni kungewaacha watu wakidaiana. Sherehe ya 2019 ilipokea wageni milioni 6.3 kwa siku 16, nao walikunywa lita milioni 7.3. Hema si mahali pa kupimia umbali: watu husimama juu ya mabenchi wakiimba kwa sauti ya juu ndani ya turubai. Ukimwomba mtaalamu wa magonjwa ya hewa achore mahali pabaya kabisa, atachora hilo hema.

Haikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa kuifuta. Kipindupindu kiliifuta mwaka 1854 na tena 1873. Vita viliifuta mara nyingi zaidi, na mfumuko wa bei uliifuta 1923 na 1924.

Hesabu ya meza

Bustani zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 18 Mei, wiki nane baada ya kufungwa. Masharti ya mwanzo: nje tu, mwisho saa 2 usiku, mita 1.5 kati ya watu wasioruhusiwa kukutana, barakoa kila unaponyanyuka, mhudumu barakoa muda wote, na meza moja kwa watu wa nyumba moja au nyumba mbili. Vyumba vya ndani vilifuata tarehe 25 Mei. Baadaye saa ya kufunga ikasogezwa, na kuanzia 17 Juni watu hadi 10 wakaruhusiwa kukaa pamoja bila kujali wanatoka nyumba ngapi.

Mita 1.5 inaonekana ndogo mpaka uichore. Meza ya kawaida ya kukunja ina urefu wa sentimita 220 na upana wa 50, na kila benchi lina upana wa 25. Meza na mabenchi yake mawili yenye watu, magoti na viwiko pamoja, huchukua upana wa kama mita 1.3. Siku za kawaida huachwa kama sentimita 60 hadi safu inayofuata, na kwa urefu meza hugusana ncha kwa ncha. Kila meza basi inakula mita 1.9 kwa 2.2, yaani mita za mraba 4.2 hivi, na inabeba watu 8. Sasa ongeza mita 1.5 pande zote mbili: 2.8 kwa 3.7, mita za mraba 10.4. Eneo lilelile la mita za mraba 1,000 lililobeba meza 238 linabaki na 96. Na hizo 96 hazijai. Sheria ya nyumba mbili ilimaanisha mume na mke wanaikalia meza ya watu 8 peke yao, na hakuna ruhusa ya kuwauliza kama hapa pana mtu. Ukikadiria watu wanne kwa meza, bustani ya watu 1,900 inakuwa ya 384. Hiyo ni moja ya tano.

Njia ya mkato iliyomjia kila mtu ni ubao wa drafti: ondoa meza moja, acha moja, na safu inayofuata uanze na ile iliyoachwa. Kwa macho bustani inaonekana imepwaya vizuri, lakini kipimo kinakataa. Kona ya meza ya safu ya kwanza inakutana na kona ya meza ya safu ya pili palepale pa sentimita 60, kwa hiyo waliokaa mwisho wa benchi wanapumuliana shingoni kama zamani. Drafti inakubali tu ukiongeza nafasi kati ya safu, na ukishaongeza hujaokoa kitu. Nafuu ya kweli ilikuwa kuweka kinga ya plastiki kati ya migongo, jambo lililowezekana kwenye veranda lakini si chini ya michestnati yenye upepo na matawi.

Kisha kuna binadamu. Benchi la bustani ya bia halijafungwa chini. Wakija watoto wanavuta, likija jua wanahamisha. Usipoweka alama ya rangi ardhini kwa kila mguu wa meza, ile ramani nzuri ya asubuhi haifiki saa 10 jioni. Waliofaulu ni waliotenga mtu mmoja wa zamu asiye na kazi nyingine ila kurudisha mabenchi mahali pake; waliomwachia mhudumu mwenye glasi sita mikononi kazi hiyo walishindwa. Glasi ya lita moja ina uzito wa kama kilo 1.3 ikiwa tupu, na ikijaa ni 2.3. Mwenye kilo 14 kifuani na barakoa usoni hawezi pia kuwa polisi wa mabenchi.

Pipa, foleni, daftari

Sehemu kubwa ya bustani ya bia ni ya kujihudumia. Mteja anakwenda dirishani, anachukua glasi yake, analipa pamoja na amana ya glasi, anarudi. Mtindo huu ndio uliookoa mishahara miaka yote, na ndio ulioleta shida 2020, kwa sababu foleni ya dirishani ni mkusanyiko wa watu wasiojuana wenye kiu. Ikabidi njia ya kwenda na njia ya kurudi zitenganishwe kwa kamba, alama za mita 1.5 zichorwe sakafuni, na dirisha la kurudishia glasi liwe mbali na la kuchukulia. Bustani yenye mlango mmoja ilipata tabu zaidi: waliokuwa wakitoka kurudisha amana walipita katikati ya walioingia. Wengine waliigeuza sehemu yote iwe ya kuhudumiwa mezani. Foleni ikaisha, gharama ya watumishi ikapanda, mapato ya viti yakiwa yameshashuka.

Kuna tatizo la pipa ambalo wengi walio nje ya kazi hii hawakulifikiria. Baadhi ya bustani za Munich, hasa za kiwanda cha bia cha Augustiner, bado hutoa bia kutoka pipa la mbao. Lile kubwa, linaloitwa Hirsch, lina lita 200. Pipa la mbao halisukumwi na gesi. Linatobolewa, bia inatiririka kwa uzito wake, na hewa inaingia kujaza nafasi. Tangu hapo saa inahesabu: povu linapungua, ladha inachakaa, na bia isiyonywewa upesi inakuwa maji ya njano. Bustani ikiwa imejaa, lita 200 hazina muda wa kuharibika. Ukiwa na watu 80 walioketi wawiliwawili, tena wote wanaondoka saa 2 usiku, kulifungua pipa hilo ni kamari. Suluhisho ni pipa dogo au la chuma linalosukumwa na gesi ya kaboni, nalo linahitaji mashine tofauti, bomba safi na ubaridi wa kutosha. Wanywaji wa zamani walinung'unika kuhusu ladha. Walikuwa na haki, ila hesabu haikuwa na huruma nao.

Kila mezani kulikuwa na karatasi: jina, simu au barua pepe, saa ya kufika. Ilipaswa kutunzwa mwezi mmoja kwa ajili ya idara ya afya, kisha iharibiwe. Makosa yalikuwa ya namna mbili. La kwanza lilikuwa la wenye biashara walioweka daftari moja wazi mlangoni, kila anayeandika anasoma namba za waliomtangulia. Njia sahihi ilikuwa karatasi moja kwa kila meza, inatumbukizwa kwenye sanduku lililofungwa, na masanduku yanapangwa kwa tarehe ili la zamani lichomwe bila kulifungua. La pili halikuwa la wenye biashara. Polisi wa Bavaria, wakipeleleza makosa ya jinai, katika visa kadhaa waliziomba karatasi hizo. Habari ilipotoka mwezi Julai, Mickey Mouse akaanza kula chakula cha jioni sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Orodha ya kufuatilia ugonjwa ikishatumika kwa jambo lingine hata mara chache, imeshakufa, kwa sababu nguvu yake yote ni kwamba mtu ameandika namba ya kweli bila kulazimishwa.

Nafuu iliyompita mwenye bia

Kuanzia 1 Julai hadi mwisho wa mwaka Ujerumani ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 19 hadi 16, na ile ndogo kutoka 7 hadi 5. Chakula cha kukaa mezani kikahamishiwa kwenye ile ndogo. Kwa mgahawa hii ilikuwa nafuu kubwa: kutoka 19 hadi 5. Kwa vinywaji ilikuwa 19 hadi 16 tu. Sasa rudi kwenye amri ya 1812. Bustani ambayo mteja anakuja na kikapu chake inaishi kwa kinywaji. Desturi iliyoipa umaarufu ndiyo iliyoinyima sehemu nono ya msaada. Wenye jiko la samaki wa kuchoma kijitini na kuku walinufaika kidogo. Waliotegemea bia pekee walipata asilimia tatu.

Mishahara nayo ilikuwa na tundu lake. Mfumo wa Kurzarbeit, kazi ya saa pungufu, ambapo mfuko wa ajira unalipa asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, au 67 kwa mwenye mtoto, na kupanda kadiri miezi inavyosonga, uliwashika mamilioni ya Wajerumani wasidondoke. Lakini unalipia aliye kwenye bima ya ajira. Kazi ndogo za hadi euro 450 kwa mwezi, kiwango cha wakati huo, hazikuwamo. Bustani za bia na mahema yamejaa watu wa aina hiyo: wanafunzi, wastaafu, mama anayebeba glasi wiki mbili za Septemba ili alipe likizo ya mwaka mzima. Hao hawakupunguziwa saa, hawakuitwa tu.

Wenye mabembea waliumia zaidi ya wote, na kimyakimya zaidi. Hizi ni familia zinazozunguka na mashine zao kuanzia Pasaka mpaka masoko ya Krismasi. Majira ya baridi wanatengeneza na kukopa, majira ya kuchipua wanaanza kulipa. Mwaka 2020 sherehe ya kuchipua ya Theresienwiese ilifutwa, soko la Mei la Auer Dult likafutwa, kisha Oktoberfest. Msaada wa dharura wa serikali kuu, hadi euro 9,000 kwa biashara yenye watu wasiozidi watano, ulihesabiwa kwa gharama za uendeshaji za miezi mitatu. Chakula cha nyumbani hakikuhesabiwa. Mwenye gurudumu kubwa la chuma analipia bima, ukaguzi na maegesho hata likiwa limekunjwa kwenye malori.

Gurudumu Königsplatz

Jibu la jiji lilikuja tarehe 24 Julai, likadumu hadi mwanzoni mwa Septemba: Sommer in der Stadt, majira ya joto mjini. Wazo lilikuwa rahisi kulisema. Sherehe kubwa imekatazwa kwa sababu inakusanya, basi itawanyeni. Mashine zikagawiwa kwenye viwanja mbalimbali: gurudumu likasimama Königsplatz, kati ya majengo ya nguzo za kale; nyingine zikaenda Olympiapark; Theresienwiese ikapata michezo na sanaa badala ya mahema. Uwanja huohuo mwaka ule ulikuwa na kituo cha kupimia korona, foleni za magari pale ambapo zingekuwa foleni za bia.

Si kila mashine inatawanyika sawasawa. Gurudumu ndilo lililofaa kuliko zote. Kila kibanda kina watu wa nyumba moja, hewa inapita, mzunguko ni wa polepole, na anayeshuka hagongani na anayepanda. Vyuma vya kushikilia vinapanguswa kila abiria wanapobadilika. Farasi wa kuzunguka nao waliwezekana, kwa kuacha farasi mmoja kati ya wawili. Lakini magari ya kugongana yanahitaji umati unaocheka, na ile sahani ya mbao inayowarusha watu wote kwenye rundo moja haikuwa na mahali katika mwaka 2020. Gharama haikutawanyika pia. Mashine tano zilizo pamoja zinagawana njia ya umeme, ulinzi, vyoo na wapita njia. Zikiwa peke yake kila moja inahitaji vyake. Na pato la bembea halitoki kwa aliyepanga kuja. Linatoka kwa anayepita akasikia muziki, akamwona mtoto wake amesimama. Ukiondoa hema la bia lililo jirani, unaondoa wapita njia wengi.

Tuuhukumu kwa haki: mpango huu haukulipa madeni ya msimu, na haukudai hivyo. Ulizipa familia hizo siku za kazi, na ulilipatia jiji lililonyimwa likizo za nje mahali pa kumpeleka mtoto saa 9 mchana. Wazazi wengi waliupenda kuliko Oktoberfest, kwa sababu hapakuwa na mlevi wa kuruka.

Upande wa utamaduni kasi ilikuwa ndogo. Kuanzia katikati ya Juni maonyesho yaliruhusiwa kwa watu 50 ndani na 100 nje, idadi ikapanda wiki baada ya wiki. Tamasha la Tollwood la majira ya joto halikufanyika. Mabwawa ya nje yaliruhusiwa kuanzia 8 Juni.

Uwanja usio na viti

Kumbi za muziki wa usiku hazikufunguliwa kabisa majira yote. Baa zisizouza chakula zilisubiri hadi Septemba. Vijana wa Munich hawakuacha kuwa vijana kwa miezi sita. Walinunua chupa dukani wakaketi Gärtnerplatz, uwanja wa mviringo wenye maua katikati na majumba ya kuishi pande zote, au kwenye kokoto za Isar. Mto huo ulifaa mno. Kati ya 2000 na 2011 kilomita 8 za mto ndani ya jiji zilirudishwa katika hali ya asili: kingo za saruji zikavunjwa, kokoto zikaachwa zitandae, na Flaucher pakawa pahali pa kuoga na kuchoma nyama. Uwekezaji huo haukufikiria ugonjwa, lakini 2020 ndipo ulipolipa, maana kilomita nzima za kingo zilimeza watu ambao hakuna bustani ingewabeba.

Gärtnerplatz haikumeza. Kelele saa 8 usiku, chupa zilizovunjika, mikojo milangoni. Mwisho wa Agosti Munich ilivuka maambukizi 35 kwa kila watu 100,000 ndani ya siku saba, na kwa jiji la watu milioni moja na nusu hiyo ni zaidi ya 500 kwa wiki. Jiji likaamuru: kuanzia saa 3 usiku hakuna kuuza pombe ya kubeba, na kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi hakuna kunywa mahali popote pa wazi katika jiji lote.

Mkazi mmoja akaenda mahakamani. Tarehe 1 Septemba mahakama kuu ya utawala ya Bavaria ikasema katazo la jiji zima limepita kiasi. Hoja ni ya akili ya kawaida: anayekunywa bia peke yake kwenye benchi la kitongoji hamwambukizi mtu, na amri ya afya lazima iende palipo na hatari. Jiji likarudi na ramani. Makatazo mapya yakalenga sehemu zilizotajwa kwa majina, zikiwemo Gärtnerplatz, Wedekindplatz na vipande vya kingo za Isar. Hapo ndipo amri ilipopaswa kuanzia. Gharama ya njia ndefu ilikuwa imani: watu waliona jiji likiamuru, likishindwa, likiamuru tena ndani ya siku chache, na askari wa zamu ndiye aliyelazimika kueleza usiku huu ni amri ipi inayotumika. Tena katazo la kipande cha mto linasukuma watu hadi daraja linalofuata, wala si nyumbani.

Septemba

Tarehe 19 Septemba ikafika, siku ambayo meya angegonga pipa la kwanza. Mikahawa kama 50 iliandaa Oktoberfest ya ndani ya kuta zao, Wirtshaus-Wiesn, kwa siku zilezile 16: muziki wa tarumbeta kwa sauti ya chini, suruali za ngozi, pipa linagongwa kwenye kila mgahawa, meza zimetenganishwa. Theresienwiese yenyewe ilipigwa marufuku ya pombe kuanzia saa 3 asubuhi ya Jumamosi hiyo hadi saa 12 asubuhi ya Jumapili, ili watu wasiende kuadhimisha uwanjani kwa mikono yao.

Wakati ulikuwa mbaya. Siku hizohizo Munich ilivuka 50 kwa 100,000, na tarehe 24 Septemba barakoa zikawa lazima kwenye mitaa ya katikati ya jiji na mikutano ikashushwa hadi watu watano. Mgahawa uliokwisha kuuza meza ya watu 10 ukalazimika kupiga simu na kuuliza: nani kati yenu atabaki nyumbani? Kiafya hakuna ubaya mkubwa katika mkahawa uliopangwa vizuri. Kiishara ilikuwa vigumu kutetea. Huwezi kuweka pipa na tarumbeta upande huu, na kumtoza faini kijana mwenye chupa upande ule.

Maegesho

Jambo dogo kuliko yote ndilo lililobaki. Mwezi Mei jiji liliruhusu wenye mikahawa kuchukua maegesho ya magari yaliyo mbele ya milango yao na kuweka meza. Neno lililotumika, Schanigarten, ni la Vienna. Sehemu moja ya kuegesha gari ina urefu wa kama mita 5 na upana wa 2, na hapo zinaingia meza tatu ndogo za watu wawili, au mbili zenye nafasi ya kupumua.

Ujenzi ni wa seremala wa mtaani. Ngazi ya njia ya miguu iko juu ya barabara kwa kama sentimita 10 hadi 15, kwa hiyo unaanza na jukwaa: mbao juu ya mihimili au juu ya chaga za mizigo, zilizosawazishwa na ukingo wa njia ili kiti cha magurudumu kiingie bila kugonga. Chini ya jukwaa mfereji wa mvua lazima uachwe wazi. Anayeuziba anasubiri mvua ya kwanza ya radi ya Juni akaone maji yakiingia kwenye duka la jirani. Kifuniko cha bomba la zimamoto hakifunikwi hata kwa chungu cha maua. Upande wa magari unahitaji kizuizi kizito, masanduku ya udongo na mimea yakiwa ndiyo chaguo la wengi, pamoja na vibao vya kuakisi mwanga kwenye kona mbili. Mwavuli usitokeze barabarani. Njia ya miguu ibaki wazi kiasi cha kupita gari la mtoto. Saa 5 usiku huduma inaisha.

Malalamiko yalikuja kutoka pande mbili ambazo hazikukutana: wa juu ghorofani waliokosa usingizi, na wenye magari waliozunguka mtaa mara tatu. La kelele lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu uwanja wa mbao unavuma kila kiti kinapoburutwa. Waliobandika mpira chini ya miguu ya viti walipata majirani wapole zaidi.

Tarehe 2 Novemba mikahawa yote ya Ujerumani ikafungwa tena na mbao zikaingia stoo. Oktoberfest ya 2021 ikafutwa tarehe 3 Mei. Mahema yalirudi 2022, glasi ya lita moja ikiwa imepanda kutoka euro 10.80 hadi 11.80 za mwaka 2019 na kufika 12.60 hadi 13.80. Maegesho hayakusubiri kiasi hicho: mwaka 2021 baraza la jiji liliyafanya ya kudumu, kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba kila mwaka. Mwisho wa Oktoba skrubu zinafunguliwa, mimea inaingizwa ndani, na magari yanarudi hadi Aprili.